Kipande cha Tisa

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, wembe wa kisu cha kukatia karatasi ulikuwa na vipande vitano. Ulitakiwa kuwa na sita.

Mjalidi, fundi wa kushona vitabu, alivihesabu kwa ncha ya penseli, kisha akavihesabu tena kuanzia upande wa pili. Vitano. Wembe wa aina ile huja na mistari ya kuvunjia. Kipande cha mbele kikipoteza makali unakivunja kwa koleo, na kinachofuata kinakuwa ncha mpya. Ule ulikuja na vipande tisa. Vilivyovunjwa vilitumbukizwa kwenye kopo la maziwa ya unga lililotobolewa mwanya kwenye mfuniko, na kwa kila kipande alichora mstari mmoja juu ya mfuniko huo. Mistari ilikuwa mitatu. Alifungua kopo na kumwaga vilivyomo juu ya gazeti: vipande vitatu. Vitatu na vitano ni vinane.

Kipande cha tisa hakikuwa mezani, wala chini ya ubao wa kukatia, wala kwenye mikunjo ya aproni yake.

Kilichokuwa mezani ni mifuko kumi na miwili ya kitambaa, imefungwa, ikisubiri safari. Alikuwa ameifunga jana saa moja jioni. Ndani ya kila mmoja mlikuwa na mikunjo sita ya karatasi iliyokwisha kutobolewa matundu, kadibodi mbili za jalada, kitambaa cha kulifunika, uzi uliopakwa nta, sindano butu moja na kibao cha kukunjia. Wanafunzi walikuwa kumi na wawili pia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kushona kitabu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaona. Kwa hiyo vitu vyote viliandaliwa kwa ajili ya vidole. Kila mkunjo ulikatwa pembe moja ili mtu ajue upande wa juu. Kadibodi ya mbele ilikuwa laini na ya nyuma ilikwaruzwa kwa msasa. Uzi ulikuwa na fundo mwishoni, uzi wa akiba ulikuwa na mafundo mawili.

Watu hao kumi na wawili walisoma kwa nukta nundu. Mjalidi alijua maana yake, kwa sababu mama mkwe wake alisoma hivyo hivyo. Mwaka uliopita mama aliungua kidole cha shahada kwa mfuniko wa sufuria, akakaa siku kumi na saba bila kusoma hata mstari mmoja. Na ule ulikuwa moto mdogo tu. Kipande cha wembe, chenye upana wa ukucha wa kidole cha mwisho, kikikaa katikati ya karatasi ambazo watu wanazipapasa ili kujua zimekaaje, ni jambo jingine.

Darasa lilikuwa saa nne, kwenye kituo ambacho kilikuwa mwendo wa dakika ishirini na tano kwa gari. Ukumbi ulipatikana kwa siku hiyo moja. Wanafunzi wawili walitoka mbali na huenda walikwisha kuamka na kuoga. Mjalidi alichukua penseli akaandika pembeni mwa gazeti: *Mwisho saa tatu. Kisipopatikana, hakuna darasa.* Akapiga mstari chini yake.

Kisha akafungua mfuko wa kwanza. Aligeuza kila karatasi, akapitisha kadibodi kwenye mwanga wa dirisha, akakunjua kitambaa na kukikung'uta juu ya shuka jeupe. Hakukuwa na kitu. Alitazama saa: dakika kumi na tisa. Mifuko kumi na mmoja iliyobaki ingechukua dakika mia mbili na tisa. Saa ilikuwa moja kasoro dakika tano. Angemaliza saa nne na dakika ishirini na nne, wakati wanafunzi wamekwisha kukaa kwenye viti na kuanza kuulizana mwalimu yuko wapi.

Saa moja kamili shemeji yake aliingia na kikombe kitupu mkononi. Alikuwa mdogo wa mume wake, fundi redio, mwenye chumba cha uani kilichojaa matumbo ya redio za watu. Nyumbani walimwita Stesheni, kwa kuwa hakuwahi kumaliza habari moja kabla hajahamia nyingine.

"Shemeji, leo chai inachemka huku au twende kwa jirani?"

"Usikanyage hapo."

"Wapi?"

"Popote. Simama hapo ulipo."

Stesheni alisimama, mguu mmoja ukiwa bado hewani. "Na huu niushushe, au nibaki hivi kama korongo?"

"Ushushe polepole. Kuna kipande cha wembe kimepotea, na huenda kimo kwenye mifuko."

Alishusha mguu. Alitazama mifuko, akatazama kisu, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuhama stesheni. "Mifuko ya wale wenzake Mama?"

"Hiyo hiyo."

"Lo!" Aliweka kikombe dirishani. "Sumaku. Nina spika nne zimekufa, moja sumaku yake ukiisogeza karibu inakunyang'anya bisibisi mkononi. Nakuletea, tunaipitisha, kwisha habari."

"Kila mfuko una sindano ya chuma."

"Tunazitoa sindano."

"Na unajua sumaku yako inavuta kupitia unene gani?"

"Inavuta, shemeji. Ni sumaku."

"Lete. Tutapima kwanza."

Akaileta, pete nyeusi nzito yenye ukubwa wa sahani ya kikombe. Mjalidi alichukua kipande kimoja kati ya vile vitatu vya kwenye kopo, akakitia katikati ya mikunjo sita, akaweka kadibodi juu na chini, akapitisha sumaku. Hakuna kilichotikisika. Akaondoa kadibodi. Hakuna. Akapunguza mikunjo, mmoja mmoja. Ilipobaki miwili, karatasi ya juu iliinuka kidogo katikati, kama mtu aliyeinua nyusi.

"Mikunjo miwili kwa wakati mmoja," alisema. "Kadibodi peke yake, pande zote na kingo zote. Kitambaa peke yake."

"Ungekuwa polisi wewe, wezi wote wangeomba uhamisho."

"Rudisha kile kipande kwenye kopo kwanza. Nataka kukiona kinaingia."

"Unafikiri nitakimeza?"

"Nafikiri vikipotea viwili nitachanganyikiwa."

Stesheni alikiinua kwa vidole viwili mbele ya macho yake, kama mtu anayekula kiapo, akakitumbukiza. Kikagonga chini ya kopo.

Sindano kumi na mbili zilitolewa zote kabla ya jambo lolote jingine, zikachomekwa kwenye kipande cha sponji katika safu tatu za nne nne, na sponji ikawekwa juu ya kabati. Saa moja na nusu walianza. Mjalidi alifungua na kutandaza, Stesheni alipitisha sumaku, kisha mjalidi alipanga kila kitu kama kilivyokuwa, pembe zilizokatwa zikiwa upande mmoja. Mfuko mmoja ulichukua dakika nne. Kwenye mfuko wa tano sumaku ilidaka kitu, na wote wawili wakaganda. Ilikuwa pini ya stepla iliyokwama kwenye ukingo wa kadibodi.

"Hii nayo ingemchoma mtu," alisema Stesheni.

"Ingemchoma. Itie kwenye kopo."

"Unachora mstari?"

"Mstari ni wa wembe."

Saa mbili na dakika kumi na nane mfuko wa kumi na mbili ulipangwa upya. Sumaku ilikuwa haijapata kitu kingine.

"Basi hakimo," alisema Stesheni, akanyoosha mgongo. "Tunywe chai."

"Hatujui kama hakimo. Tunajua sumaku haikukipata."

"Tofauti yake nini?"

"Tofauti yake ni kidole cha mtu."

Stesheni alipiga magoti, akaanza kuburuta sumaku juu ya sakafu, kuanzia mlangoni, ukanda baada ya ukanda, kama mtu anayepiga deki. Mjalidi alivuta meza, akasogeza kabati la vitambaa, akainua mkeka na kuukung'utia uani juu ya shuka. Sumaku ilikusanya pini tisa za stepla, skrubu moja, nusu ya kibanio cha nywele, na tondoo ya kushonea ambayo mjalidi alikuwa ameitafuta tangu mwezi uliopita. Stesheni aliivaa tondoo kwenye kidole gumba na kumpigia saluti. Mjalidi hakucheka.

Saa mbili na dakika arobaini na tano alisimama wima mbele ya meza, mikono juu ya mifuko, bila kuketi. Alikuwa na mambo mawili tu yaliyothibitishwa: kwamba kipande kimoja hakipo, na kwamba mahali alipopatafuta hakijaonekana. Hayo mawili hayakutosha kumpa mtu mfuko mkononi. Alichukua simu, akatafuta namba ya mkuu wa kituo.

"Subiri saa tatu ifike," alisema Stesheni.

"Wale wa mbali wanapanda gari saa hizi. Bora wajue kabla."

"Mnahama?" sauti iliuliza kutoka mlangoni. "Nasikia kabati limetembea."

Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye kizingiti, amevaa nguo ya kutokea, mkoba begani, kitabu kifuani. Hakuwa mwanafunzi wa siku ile. Yeye alikwisha kutangulia. Ilikuwa desturi ya mjalidi kwamba mfuko wa kwanza wa kila darasa anapewa mtu asiyejua kazi, anaushona mwanzo hadi mwisho mbele yake, na kila anapokwama mjalidi anaandika. Safari hii alipewa mama. Alikishona kitabu chake jana mchana kwa saa mbili na nusu, uzi ukamwishia kabla ya mkunjo wa sita, na ndiyo sababu kila mfuko sasa ulikuwa na uzi wa akiba. Leo alikuwa anakwenda kukaa na wenzake, ili awaambie pale penye ugumu.

"Mama, baki hapo hapo," alisema mjalidi. "Tumepoteza kipande cha wembe. Tumekitafuta kwenye mifuko yote na chini. Nataka kupiga simu nivunje darasa."

"Uvunje darasa! Kina nani wamekwambia uvunje darasa? Yule mwanafunzi wako aliyekuwa mpokea simu amenipigia mara mbili asubuhi hii, anauliza avae nini. Nimemwambia kitabu hakiangalii mtu kavaa nini."

"Sitawapa watu karatasi zenye wembe ndani, Mama."

"Zina wembe?"

"Sijui. Ndilo tatizo lenyewe."

Mama alihamisha mkoba kwenda bega la pili. "Kikoje hicho kipande?"

"Chembamba, bapa. Pande mbili zimekaa mshazari."

"Kama mbegu ya tikiti?"

"Kama mbegu ya tikiti, ila kina pembe kali."

Kidole cha shahada cha mama kilikuwa kinatembea juu ya pembe ya kitabu, kikienda na kurudi.

"Na hiki ulichonitilia hapa ni nini?"

"Wapi?"

"Hapa pembeni, chini ya kitambaa. Alama ya juu."

"Sijakutilia alama kwenye jalada, Mama. Alama ziko kwenye karatasi."

"Mimi nikasema, mkwe wangu ana akili, kanitilia alama ya juu hata nje, kitabu kikiwa kimefungwa najua kimekaaje. Usiku kucha nimekuwa nakishika hapo."

Stesheni alifika mlangoni kwa hatua mbili. Hakukichukua kitabu, alisogeza sumaku tu, na kitabu kikageuka mikononi mwa mama, kikiongozwa na pembe.

"Toba," alisema.

Mjalidi alikilaza kitabu mezani karibu na dirisha. Ukikitazama kwa macho, hakikuonyesha lolote. Kitambaa kilikuwa cheusi na gundi ilikuwa imekauka vizuri. Ukikipapasa, palikuwa na kinundu. "Itabidi nikate jalada," alisema.

"Kata," alisema mama. "Ila ukate kidogo. Ni kitabu changu cha kwanza."

Alikata kwa mkasi mdogo, sentimita moja na nusu, akafunua kitambaa kwa ncha ya kibao. Kipande kilikuwa kimelala kwenye gundi kavu, upande wa makali ukielekea kadibodi. Alikitoa kwa kibano, akakisafisha kwa kitambaa chenye maji, akakiweka mbele ya wembe uliobaki kwenye kisu. Mvunjiko wa kimoja uliingia kwenye mvunjiko wa kingine, na mstari wa kutu uliokuwa ukikatiza wembe mzima uliendelea bila kuruka. Vitatu, vitano na kimoja.

Yaliyotokea yaliweza kupangwa sasa. Jana saa tisa alikuwa akimkatia mama pembe za kitambaa juu ya kadibodi yenyewe, kwa kuwa kukata kwa kisu hakukuwa sehemu ya somo. Simu iliita: mume wake, dereva, akiuliza kutoka njiani kama mama ameanza. Mjalidi alikandamiza mkato wa mwisho huku akinyoosha mkono wa pili kuchukua simu. Ncha ilivunjika hapo. Mama, aliyekuwa ameshapakwa gundi hadi viwikoni, alikunja kitambaa juu yake kama alivyofundishwa, akabana na kulainisha. Wembe ukabaki na ncha nyingine kali, kwa sababu ndivyo ulivyotengenezwa, na kwa ncha hiyo mjalidi akakata pembe za mikunjo ya mifuko yote bila kuona tofauti.

Mjalidi aliketi. Alikuwa hajaketi tangu saa kumi na mbili na dakika ishirini.

"Nionyeshe mikono, Mama."

"Mikono yangu mizima."

"Nionyeshe."

Mama alinyoosha viganja. Mjalidi alivikagua kwenye mwanga, kidole baada ya kidole, mbele na pembeni. Havikuwa na mchubuko. Alipofika kidole cha kumi alikishikilia kwa muda mrefu kuliko ukaguzi ulivyohitaji, kisha akaanza kucheka, kicheko cha puani kilichoanza kidogo na kukataa kuisha, hadi akalazimika kujifuta macho kwa aproni.

"Shemeji kafunguka!" alisema Stesheni. "Mama, mkweo anacheka. Andikeni tarehe."

"Acha ukorofi wewe, lete chai."

"Sasa ndiyo naruhusiwa kukanyaga?"

"Kanyaga popote unapotaka."

Mama alikuwa amekichukua tena kitabu chake na kupapasa pale palipokatwa. "Sawa, mmetoa wembe wenu. Sasa mimi juu nitapajuaje?"

Mjalidi aliacha kucheka. Alitazama kitabu kilichofungwa, akakigeuza, akafumba macho na kukigeuza tena. Kingo zote nne za jalada zilikuwa sawasawa. Kwenye karatasi yake ya maandalizi kulikuwa na alama za mkunjo, za kadibodi na za uzi. Kwa kitabu kilichokamilika na kufungwa hakukuwa na alama hata moja.

"Hilo sikuliwaza," alisema.

"Ndiyo nakwambia. Wembe wako uliliwaza."

Ilikuwa saa tatu kasoro dakika tatu. Mjalidi alikata vipande kumi na vitatu vya uzi mnene kwa mkasi. Mama alipiga mafundo, kwa sababu alikuwa mwepesi kuliko wao, na kila fundo likawa na ukubwa wa punje ya mtama. Moja lilikwenda kwenye kitabu chake, mahali pa wembe, na jeraha la kitambaa likafunikwa kwa kiraka. Kumi na mawili yaliingia mifukoni. Sindano zilishushwa kutoka juu ya kabati, zikarudishwa moja moja, Stesheni akihesabu kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, na sponji ikabaki tupu. Saa tatu na dakika kumi na mbili waliondoka.

Darasa lilianza saa nne na dakika tano, kwa kuwa mwanafunzi mmoja alikwenda kwanza kwenye ukumbi wa kwaya. Mpokea simu mstaafu alikuja amevaa gauni la harusi ya mtu. Karibu na dirisha alikaa seremala aliyepoteza macho uzeeni. Kidole chake kimoja kilikuwa kimechukuliwa na msumeno miaka mingi kabla ya hapo, na alikuwa na maoni kuhusu kila kitu.

"Kadibodi hii imekatwa vizuri," alisema. "Nani kakata?"

"Mimi," alisema mjalidi.

"Kwa nini usituachie na sisi tukate?"

"Kwa sababu ya vidole."

"Mimi changu kimoja kimeshakwenda. Hivi vingine navijua tabia."

"Shona kwanza, Babu," alisema mama mkwe kutoka upande wa pili wa meza. "Mkunjo wa tatu ndipo mtu anapotukana. Mimi nilitukana hapo."

Walishona. Kwenye mkunjo wa tatu watu wanne walitukana, mmoja kwa adabu. Uzi wa akiba ulitumiwa na tisa. Kilipofika kipindi cha jalada, mjalidi aliwaambia waweke lile fundo dogo kwenye pembe ya juu kabla ya kukunja kitambaa, na mpokea simu akauliza wazo hilo kalitoa nani. Mama mkwe alisema ni yeye. Mjalidi hakumsahihisha.

Saa saba na dakika tisa seremala, wa mwisho kumaliza, alikata uzi wake kwa mkasi butu na kubana jalada. Mjalidi alikusanya sindano kwenye sponji: safu tatu za nne nne. Kisha alizunguka meza na kitambaa cheupe kilicholowa, akawafuta gundi mmoja mmoja na kukagua. Vidole vilikuwa mia moja na kumi na tisa, kama vilivyokuja, na kitambaa kilirudi hakina tone la damu.